Kamba Iliyojifunza Kutembea

Mabinti zangu, mwezi uliopita nilialikwa kwenye shule moja ya sekondari upande wa Didia, kwenye sherehe ya kuhamasisha wasichana wasome sayansi. Nikavaa gauni langu la kanisani, nikapanda basi mapema. Meza kuu walikaa wanaume watupu, na mimi nikawekwa mwisho kabisa, karibu na maua ya plastiki. Wasichana wenyewe, wale waliokuwa wanahamasishwa, wengi wao hawakuwamo ukumbini. Walikuwa nyuma ya jiko wanasonga ugali wa wageni. Waliokaa kusikiliza kwamba msichana anaweza kuwa mhandisi walikuwa wavulana.

Mgeni rasmi akasimama na hotuba yake. Alipofika mahali anaposema zama za mwanamke kuogopa teknolojia zimekwisha, kipaza sauti kikakata. Mwalimu mkuu akaruka kwenye kiti, akamwita dereva wa bodaboda aliyekuwa mlangoni.

"Kimbia senta, kalete fundi umeme! Upesi!"

Nikanyanyuka kidogo. Mwalimu mkuu akanishika bega kwa upole.

"Mama, wewe pumzika. Wewe ni mgeni wetu."

Nikapumzika. Kutoka pale nilipokaa niliuona waya wa spika umechomolewa ukutani, na kwenye soketi ile ile limechomekwa birika la chai ya meza kuu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikanywa chai. Ilikuwa ya moto vizuri.

Fundi alipofika, chai ilikuwa imechemka na birika limeshaondolewa. Akachomeka spika, ukumbi mzima ukampigia makofi. Zamu yangu ilipofika, mshereheshaji alinitambulisha kama "mama shupavu aliyefanya kazi za kiume," akaniomba nisalimie tu kwa kuwa muda umetutupa mkono. Nikasalimia. Nikapewa khanga na aproni ya jikoni, nikarudi nazo Katoro, pamoja na hadithi niliyokuwa nimewaandalia wasichana wale. Aproni nimempa jirani. Hadithi ndiyo hii.

Mimi nilikuwa fundi wa mota. Mota ikiungua, kuna mtu lazima aifungue, atoe nyaya za shaba zilizoungua, asuke mpya mahali pake, azipake vanishi na kuzikausha, kisha airudishe kazini. Kazi hiyo nimeifanya tangu kiwanda cha kuchambua pamba kule Shinyanga mpaka kibanda changu cha Katoro, hadi macho na kiuno viliposema imetosha.

Watu hupenda kunieleza kwa nini niliiweza. "Si unajua, wanawake mmezoea kusuka nywele." Nimeambiwa hivyo na wahandisi, na mchungaji, na mtu mmoja aliyekuja kunihoji akiwa na kamera. Mimi sijui kusuka nywele. Binti yangu Kabula alikwenda shule na kichwa kama kiota cha kuku, mpaka mwalimu wake akaniita kuuliza kama nyumbani kuna msiba. Mota nilijua kuzisuka kwa sababu nilifundishwa, nikakosea, nikafundishwa tena. Mwanaume akiiweza kazi, watu husema ana kichwa. Mwanamke akiiweza, huanza kumchunguza vidole.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Jayanti, fundi mkuu wa kiwanda, Mhindi aliyezaliwa na kuzeekea Shinyanga, ambaye Kisukuma chake cha sokoni kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili chake. Mimi niliajiriwa kufagia nyuzi za pamba. Nikawa nafagia sana karibu na meza yake, mpaka sakafu ya pale ikang'aa kuliko ya ofisi ya meneja.

"Bebe," akaniambia siku moja, ndiyo "wewe" ya Kisukuma, "wewe unafagia au unasoma?"

"Vyote, Mzee."

"Basi fagia haraka haraka, tuanze kusoma."

Ndiyo usaili wangu huo. Sikuwahi kufanyiwa mwingine.

Mzee Jayanti alikuwa na kanuni moja ambayo nataka mwondoke nayo hata kama mtasahau mengine yote. Mota haiugui peke yake. Kabla hujaifungua, uliza inakaa wapi, inafanya kazi gani, na nini kimebadilika huko inakokaa. Mteja akileta mota, yeye alimhoji kama daktari anavyomhoji mama mwenye mtoto anayeharisha. Amekula nini? Ameanza lini? Nani alimbeba? Vijana walimcheka wakasema mzee anapenda umbea. Mimi niligundua kwamba nusu ya mota alizoletewa hazikuwa na ugonjwa wowote. Ugonjwa ulibaki nyumbani, na mota ndiyo iliyoletwa hospitali.

Msimu mmoja akaniachia niunge mwenyewe feni kubwa ya ukutani, ile iliyovuta vumbi la pamba na kulitupa nje. Sikilizeni hapa, maana jambo hili litarudi mbele. Umeme wa mashine kubwa huja kwa nyaya tatu. Ukibadilisha nafasi za mbili kati ya hizo tatu, zozote mbili, mota inazunguka kinyume. Haiungui palepale, haipigi kelele ya ajabu, inazunguka vizuri kabisa, ila inakokwenda siko. Mimi nikazibadilisha. Feni badala ya kutoa vumbi nje, ikalirudisha lote ndani, na meneja alikuwa anapita na wageni wake waliovaa suti. Walitoka pale weupe kama waliochovywa kwenye unga wa mhogo. Mzee Jayanti alicheka mpaka akakaa chini. "Hutasahau tena," akasema. "Na meneja naye hatasahau."

Haukupita muda mrefu, mwenzangu Juma akafanya kosa lile lile, kwenye feni ile ile. Kiwanda kizima kilisema kosa la Juma ni bahati mbaya. Langu walisema ndiyo matokeo ya kuajiri wanawake. Vumbi lilikuwa la rangi moja.

Kiwanda kilipopunguza watu nikahamia Katoro, maana ndiko dhahabu ilikopeleka mashine. Kila karasha la kusagia mawe lina mota, kila duara, yaani shimo la dhahabu, lenye maji lina pampu, na kila pampu itaungua siku moja. Nikafungua kibanda, nikaandika kwa rangi nyekundu: TUNASUKA MOTA. Wateja walikuja hivi:

"Shikamoo, mama. Fundi yupo?"

"Marahaba. Yupo."

"Tunaomba utuitie."

"Anakunywa chai. Subirini amalize."

Namaliza chai, naosha kikombe, navaa miwani, nasema: "Haya, leteni mota." Wengi walicheka, wakatoa mota. Mmoja alisema yeye atamsubiri fundi mwenyewe. Alimsubiri mpaka jirani zangu wanafunga maduka.

Siku hizi mambo ni mepesi, msidanganywe na sisi wazee tunaojisifu kwa tabu zetu. Sisi tulihesabu mizunguko ya waya kwa kidole na mate, tukikatizwa na salamu tunaanza upya. Mzee Jayanti alikuwa akipokea salamu kwa kukohoa tu ili asipoteze hesabu. Nyinyi mna mashine ya kuhesabu, mna kipimo cha kubana waya kinachowaambia umeme unaopita bila kukata chochote, mna simu inayowaonyesha fundi wa upande wa pili wa dunia akifungua mota kama yenu. Lakini pua bado inahitajika. Fungua kifuniko, nusa. Vanishi iliyoungua ina harufu kali ya sukari iliyoshika sufuria. Halafu tazama. Nyaya zikiungua zote sawasawa, mota ilibebeshwa mzigo usio wake. Zikiungua upande mmoja na upande mwingine ni mzima, kuna waya mmoja ulikuwa haufiki. Mota inasema yenyewe, ukiwa na adabu ya kuisikiliza kabla ya kushika nyundo.

Sasa nije kwa Minza.

Minza alikuwa amemaliza kidato cha nne, fizikia kaifaulu vizuri, na chuo cha ufundi kilikuwa kimempa nafasi ya kusomea umeme. Tatizo lilikuwa baba yake. Baba Minza alikuwa mwenye duara nje kidogo ya Katoro. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkarimu, mcheshi, na mwoga wa maneno ya watu kuliko anavyoogopa nyoka.

"Mama Kabula," aliniambia, "huyu mtoto akishona nguo za watu, nani atasema kitu? Lakini akishika waya, siku duara langu likikauka watasema dhahabu imekimbia kwa sababu mwenye duara ana binti fundi umeme. Aende ushonaji."

Msimcheke bado. Mnajua miiko ya maduara. Mwanamke hakaribii mdomo wa shimo, dhahabu itakimbia. Kulizunguka duara la Baba Minza ilifungwa kamba ya katani yenye vitambaa vyekundu, na mwanamke aliishia hapo. Mama lishe alipokea hela na kupitisha sahani juu ya kamba. Mke wa Baba Minza mwenyewe aliishia hapo. Dhahabu ya duara lile iliogopa wanawake kweli kweli, mpaka itoke shimoni. Ikishatoka, ilikwenda mjini kutengenezwa hereni, ikakaa masikioni mwao bila hofu.

Basi mama yake Minza akamleta kwangu mtoto "akae tu asizurure." Alikaa kwa kusuka mota. Baba yake alidhani anafagia. Mimi sikumsahihisha, maana nami nilianzia kwenye ufagio.

Wiki moja kabla chuo hakijafunguliwa, pampu ya duara la Baba Minza ikaungua. Ni pampu ya kuzama, ile inayoning'inizwa ndani ya shimo kwenye maji, na mota yake imo ndani yake. Kisanduku cha swichi kilikuwa juu, kimepigiliwa kwenye nguzo pembeni ya mdomo wa shimo. Wanaume wakaitoa pampu, wakaibeba kwa mti begani kama wanampeleka mgonjwa zahanati, wakaivusha kamba, wakaipakia kwenye pikipiki ya matairi matatu, wakaniletea. Kweli ilikuwa imeungua. Mimi na Minza tukaisuka upya, tukaizamisha kwenye pipa la maji nyuma ya kibanda, tukaiwasha. Maji yakaruka mpaka kwenye kikaango cha muuza chapati, akatutukana vizuri.

Wakairudisha. Kesho yake asubuhi wakaileta tena.

"Haitoi maji," akasema Dotto. Huyu Dotto ndiye aliyekuwa akiunga nyaya pale duarani, mtu wa makamo, mpole, mwenye kofia ya sufu hata juani.

"Haizunguki?"

"Inazunguka, mayu," akajibu, akiniita mama kwa Kisukuma. "Inalia vizuri tu. Lakini maji yanayotoka ni kama mkojo wa mbuzi."

Tukaizamisha kwenye pipa. Muuza chapati akatutukana tena. Pampu ilikuwa nzima.

Wakairudisha tena, na mganga wa duara akachinja kuku mweupe. Mkojo wa mbuzi. Wakaileta mara ya tatu, sasa na Baba Minza mwenyewe, uso umemkauka. Maji shimoni yalikuwa yamefika kwenye miti inayoshikilia kuta, na miti ikilowa sana kuta huanguka. Wachimbaji walikuwa wameshaanza kuzungumza na mwenye duara la jirani.

"Mama Kabula, duara likizama, hakuna atakayekwenda chuo chochote," akasema akimtazama binti yake. "Hata huo ushonaji hautakuwepo."

Nikainama kutafuta bisibisi. Nilikuwa najiandaa kuifungua mota kwa mara nyingine, kwa hasira tu, wala si kwa akili. Minza hakuishika pampu. Alikunja mikono akamkabili baba yake.

"Baba, kabla pampu haijaungua, nini kilibadilika pale duarani?"

"Hakuna kilichobadilika."

"Hata kidogo?"

"Si nimesema? Labda ile nguzo ya umeme iliyoangushwa na upepo. Wakaja wakasimika nyingine, wakaunga nyaya zao, wakaenda. Hiyo nayo ni kitu?"

Minza akanitazama. Mimi nikarudisha bisibisi chini. Niliona feni ya kiwanda, na meneja mweupe kama unga wa mhogo.

Waliosimika nguzo mpya walikuwa wameunga nyaya mbili kati ya tatu kinyume na zilivyokuwa. Dotto, masikini, hakuwa na kosa. Kila mara aliunga rangi kwa rangi, nyekundu kwa nyekundu, kwa uaminifu mkubwa. Rangi zilikuwa sawa, umeme uliokuja ndani yake ndio uliobadilika. Pampu ilikuwa ikizunguka kinyume tangu siku ile, ikahangaika mpaka ikaungua. Na wanaume hawa walikuwa wakiitoa shimoni, wakiibeba, wakiileta mjini na kuirudisha, kwa ajili ya kazi ya kubadilisha nafasi za nyaya mbili kwenye kisanduku ambacho mwanamke hakuruhusiwa kukisogelea.

"Twende," nikasema.

"Mwende wapi?" akauliza Baba Minza. "Kamba je?"

Tukaenda mpaka kwenye kamba. Kisanduku tulikiona palepale, karibu kiasi cha kuuona mlango wake umefungwa kwa kitambaa cha khanga. Dotto akasimama mbele yake na bisibisi. Minza akafungua mdomo kumwelekeza, mganga akanyanyua mkono.

"Sauti ya mwanamke isivuke kamba!"

Wachimbaji wakakaa kikao. Ninyi mliosoma mnasema huko mjini kuna vikao virefu visivyo na maana, basi mngehudhuria hiki. Mmoja akasema sauti ni upepo, na upepo hauna jinsia. Mwingine akasema mke wake ana sauti, na sauti hiyo imeshamfukuzia bahati nyingi. Maji yalikuwa yakipanda muda wote huo. Mwishowe Dotto mwenyewe akauliza:

"Je, akinipigia simu?"

Wakamgeukia mganga. Mganga akafikiri, akapiga chafya, akatoa hukumu: sauti ya simu si sauti ya mtu, ni sauti ya mtandao. Inaruhusiwa. Ila binti asisalimie, maana kusalimia ni kubisha hodi, na kubisha hodi ni kuingia.

Basi Minza akasimama upande huu wa kamba, Dotto upande ule, wanaonana macho kwa macho, kila mmoja na simu sikioni.

"Haloo," akasema Dotto, akimtazama.

"Zima kwanza," akasema Minza.

"Nimezima."

"Hujazima. Nakuona."

Wachimbaji wakacheka. Dotto akazima.

"Fungua mlango. Unaona nyaya tatu zinazoshuka kwa pampu? Toa nyekundu, toa njano. Weka njano mahali pa nyekundu, na nyekundu mahali pa njano. Ya bluu iache ilale."

"Nyekundu iende kwa njano?" Dotto alishtuka. "Zitagombana!"

"Hazigombani. Zinabadilishana viti. Kaza sana, ulilegeza ile ya juu."

"Umeionaje?"

"Kaza tu, baba."

"Nimekaza."

"Wote wasimame mbali. Washa."

Dotto akawasha huku amefumba macho. Bomba likatikisika, likakohoa tope, halafu maji yakatoka kwa kishindo, yakamwangusha mganga na kibuyu chake. Gashinaga, kumbe! Kelele zilizopigwa pale hata Segese nadhani walizisikia. Mtu mmoja alimkumbatia Dotto. Mwingine alimwinua mganga, ambaye kabla hata hajajifuta tope usoni alitangaza kwamba dawa ya kuku mweupe huchelewa, lakini hufika.

Wote wakakubali. Dawa imefanya kazi. Hakuna aliyevuka kamba kuja kutuambia wabeja, yaani asante.

Ila nilimwona Baba Minza akija taratibu upande wetu, akajifanya anatengeneza kitambaa kimoja chekundu kilicholegea. Akauliza bila kumtazama binti yake:

"Kwani ilikuwa inalia bila kutoa maji kwa nini?"

"Ilikuwa inazunguka kinyume, baba. Ni kama kuchota uji kwa mgongo wa kijiko. Mkono unafanya kazi, lakini hupati uji."

Akaendelea kukaza kile kitambaa kilichokwisha kukazika. "Mgongo wa kijiko," akasema peke yake.

Nani aliyemshawishi? Mngependa niseme ni mimi, kwa maneno yangu matamu. Ni Dotto. Jioni ile, wachimbaji wakinywa uji, Dotto alivua kofia yake ya sufu akamwambia mwenye duara mbele ya watu: "Mzee, mimi nina mikono. Kichwa cha ile kazi kilikuwa upande wa pili wa simu. Kesho kikiharibika kingine, nitampigia nani?" Wachimbaji nao, walewale wa mwiko, wakamtazama Baba Minza wakingoja jibu, maana duara lisilo na wa kumpigia ni duara la kuhama. Yale maneno ya watu aliyokuwa akiyaogopa yalikuwa yamemgeukia. Nayo pia yalizunguka kinyume.

Akakubali aende umeme. Lakini heshima lazima ilindwe. Alitangazia kijiji kizima kwamba Minza anakwenda kusoma ushonaji, na ili mtu asitie shaka, akamnunulia cherehani, akaifunga mwenyewe juu ya basi mbele ya stendi nzima. Ndiyo maana mkikuta fundi umeme hodari aliyeingia chuoni siku ya kwanza akiwa na cherehani kichwani, mjue anatoka kwetu. Alicheza nayo chuoni huko, akaifungia mota. Aliporudi nayo likizo, mama yake akaichukua, na mpaka leo anashona kwa kugusa kwa kidole cha mguu. Kwa hiyo Baba Minza hakusema uongo kabisa. Kuna mtu alijifunza ushonaji.

Minza sasa ndiye mwenye kibanda changu. Mimi hukaa kwenye benchi la nje, na wateja wakiniuliza kama fundi yupo, nawaambia anakunywa chai. Desturi nzuri haifai kupotea.

Na mwiko? Mwiko upo. Hakuna aliyeufuta, hakuna aliyeomba radhi, hakuna kikao kilichotoa tamko. Ila siku moja kisanduku kile kiliungua ndani, kazi ambayo haifanyiki kwa simu. Wakakaa kikao kingine. Mganga akagundua kwamba kamba ilifungwa vibaya tangu mwanzo, ilipaswa kupita nyuma ya kisanduku, si mbele yake. Wakaihamisha. Baadaye waya unaoshuka ukachubuka karibu na shimo, mganga akapima upya kwa mkia wa nyumbu, kamba ikasogea tena. Kamba ile imetembea kuliko baadhi ya viongozi wetu. Leo imebaki kama mkufu tu shingoni mwa shimo, na ndani ya huo mkufu hata wanaume hawapendi kukaa.

Ninyi mtakwenda kwenye sherehe nyingi, mtapigiwa makofi, mtapewa fulana zenye maandishi. Zivaeni, ni nguo. Lakini makofi hayafungi waya. Mimi sijawahi kuona mwiko ulioshindwa kwa hotuba. Nimeuona mmoja ukishindwa kwa maji. Hivyo siku mkiitwa nyuma ya jiko wakati wa kipindi cha fizikia, semeni ugali utasongwa na yule asiye na mtihani. Watakasirika. Mwacheni mtu akasirike. Siku pampu yake ikizunguka kinyume, atakumbuka namba yenu.

Wiki iliyopita nilimsindikiza Minza duarani. Dotto alituona kwa mbali, akaja mbio akainyanyua kamba juu ya kichwa chake ili tupite, ingawa hatukuwa tunahitaji kusogea karibu na shimo kiasi hicho. Ni mtu mzima, anaweza kumzaa Minza. Akavua kofia yake ya sufu.

"Shikamoo, fundi."

Mganga alikuwa amekaa palepale na kibuyu chake. Alisikia. Akatazama upande mwingine.

"Marahaba," akasema Minza. "Umezima?"